Kitufe cha Tano cha Redio ya Marehemu

Sehemu ya Nne

Binadamu hufa mara moja. Marehemu Izak Apollis yeye amekufa mara mbili, na ile ya pili nilimuua mimi, kwa bisibisi, mchana kweupe, huku nikipiga mluzi.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Mervyn Februarie wa mji wa Paarl, na kazi yangu ni kutengeneza redio za magari ya zamani. Si redio yoyote. Ni ile tu iliyotoka kiwandani pamoja na gari lake, yenye sindano nyekundu na vitufe vya kubonyeza. Ukiniletea dude lenye taa za buluu nitakuonyesha kwa kidole duka la ng'ambo ya barabara, na sitakuaga.

Nampenda Beulah Apollis, muuzaji wa duka la dawa, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Kwetu humwoi mwanamke bila kwenda kumwomba kwa wazazi wake, hata kama wewe una mvi na yeye ana miwani ya kusomea. Nikaazima koti, nikaenda.

Baba yake, Izak, alishafariki. Mama yake, Tannie Hester, maana kwetu mama mtu mzima ni Tannie na mzee ni Oom, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye na mumewe hawakuwahi kujibu jambo kubwa kila mtu kivyake. Walikuwa wakiingia ndani ya gari lao la Valiant, wanafungua redio, wanazungumza. Redio ile ilikuwa imekufa siku nyingi.

"Itengeneze," akaniambia. "Jumapili nikitoka kanisani nitakaa mle na Izak wangu, halafu nitakupa jibu."

Na Beulah alikwishaniambia bila kunung'unika: mama akikataa, na yeye amekataa.

Wiki iliyopita niliwaacha Jumamosi asubuhi, redio imesema. Nilikuwa nimebadilisha kapasita zilizokauka, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, nimegundisha karatasi ya spika iliyochanika, nimeirudisha kwenye dashibodi, na mtangazaji akatoka na ile sauti nene ya redio za zamani. Beulah akanibusu shavuni. Halafu akaniuliza swali lililonikausha mate.

"Vile vitufe vya baba hukuvigusa, sivyo?"

Nilivigusa.

"Nimevipanga tu," nikasema.

"Umevipanga vipi?"

"Kama vinavyopangwa. Kitufe unakivuta kuja kwako, unatafuta stesheni kwa mkono, kisha unakisukuma ndani mpaka mwisho. Tangu hapo, ukikibonyeza, sindano inakimbilia palepale. Stesheni za baba yako zote zilishafungwa, Beulah. Vilikuwa vinaleta mikwaruzo mitupu. Nimempa mama stesheni zilizo hai. Moja nimeirudia mara mbili, maana hazikutosha."

Wallahi nilisema hayo kwa fahari. Fundi yeyote wa redio hizi angefanya vilevile. Kumrudishia mtu redio ambayo vitufe vyake havikupangwa ni kama kumwandalia mgeni kitanda bila shuka.

Beulah akaketi kwenye ngazi ya gereji ya kwao.

"Mervyn, sikiliza. Kila Jumapili mama anaingia humu. Redio imekufa, haisemi neno, na yeye anabonyeza vitufe vyote vitano, kimoja kimoja. Anaangalia sindano inavyokwenda. Hiki, hapa ndipo baba alipokuwa anasikiliza habari. Hiki, hapa ndipo waliposikia ibada siku walipoharibikiwa na gari njiani. Sindano inakwenda alipoiweka baba. Ndiyo maana haendi makaburini. Anasema Izak hayuko kule, yuko gereji."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia utengeneze sauti. Nani alikutuma vidole?"

Nilijiona nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa koleo langu mwenyewe.

"Kesho," Beulah akaendelea, "mama atabonyeza cha kwanza ili asalimiane na mumewe, na sindano itampeleka kwa mtu anayetangaza matairi."

Tannie Hester alikuwa kanisani na akina mama wenzake, wanasafisha kwa ajili ya ibada. Tulikuwa na mchana mmoja. Beulah akashusha albamu zote za picha kutoka kabatini, tukazimwaga juu ya boneti tutafute picha ya dashibodi.

Familia ile ilipenda gari lile jamani. Kulikuwa na Valiant na mbuzi, Valiant na keki, Valiant na Beulah mdogo amekaa juu ya paa amenuna. Picha ya ndani ilikuwa moja tu. Izak anacheka, mkono uko juu ya usukani, na kiwiko chake kimeifunika redio nzima.

"Baba yako alikuwa na kiwiko kipana," nikasema.

"Usimseme vibaya. Umeshamtendea ya kutosha."

Akafunga albamu. Kisha akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa, "Kuna mtu mmoja anaweza kujua. Oom Dawie Hartnick."

"Ndiye nani?"

"Alikuwa anafanya kazi na baba kwenye kiwanda cha matunda ya makopo. Baba alikuwa anampitia kila asubuhi, anapiga honi, Dawie anatoka, wanakwenda. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kwetu hata kuomba maji. Na mama akisikia jina lake anaanza kufuta meza."

"Hata kama ni safi?"

"Hasa ikiwa safi."

Nilimkuta Oom Dawie barazani kwake, anamwagilia pilipili alizozipanda kwenye makopo. Mzee mrefu, suruali imeshikwa na kanda za mabegani, nywele zimepakwa mafuta zikalala kwa adabu.

"Habari za mchana, Oom Dawie."

"Kama umetoka kanisani, nimeshatoa. Kama umetoka kwa watu wa bima, nimeshakufa."

"Mimi ni fundi redio, Oom."

"Yangu nzima."

"Nimekuja kwa ajili ya redio ya Izak Apollis. Ile ya kwenye Valiant."

Akaweka chini kopo la maji.

"Hilo gari bado lipo?"

"Lipo, tena linang'aa."

"Nani analikalia?"

"Tannie Hester. Jumapili, akitoka kanisani."

"Na nani?"

"Peke yake."

Akavuta kiti akakaa, na mimi hakunikaribisha. Nikamweleza mambo yangu nikiwa wima, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha: mapenzi yangu, redio, vitufe, na jibu linalonisubiri kesho. Nilipofika kwenye mtu wa matairi, Oom Dawie alicheka mpaka akashika nguzo.

"Kwa hiyo umemfungia Izak nje ya gari lake mwenyewe."

"Ndiyo, Oom."

"Hilo hata mimi sikuliweza."

Ningekuwa na akili ningeitafuna kauli hiyo kabla ya kuimeza. Sikuitafuna. Nilikuwa na haraka ya kuoa.

"Oom anavikumbuka vitufe?"

"Kijana, hilo gari nalijua kuliko linavyojijua." Kisha akafumba macho, akanyoosha mkono mbele yake hewani, akaanza kubonyeza. "Cha kwanza, sindano inaikata namba sita katikati. Habari. Izak alikuwa hasikilizi habari, alikuwa anagombana nazo. Cha pili, sogea kulia kidogo baada ya saba. Ibada. Hapo tulikuwa tunavua kofia, hata yeye aliyeshika usukani."

Nilikuwa naandika kwenye kiganja.

"Cha tatu kinalala juu ya kumi na mbili. Raga. Cha nne, nusu ya njia kati ya kumi na mbili na kumi na nne. Kulikuwa na hadithi ya mfululizo hapo. Msichana mmoja alikuwa anapofuka kila wiki halafu anaona tena. Tulikatwa mshahara kwa kuchelewa, tumekaa nje ya geti la kiwanda tunamsubiri aone."

"Na cha tano?"

Mkono wake ukasimama hewani. Macho aliyafumbua.

"Cha tano unarudi kushoto," akasema taratibu. "Karibu na kumi, lakini usiifikie. Acha nafasi ya unene wa ukucha. Hapo palikuwa na muziki kutoka Lourenço Marques, ng'ambo ya mpaka. Jioni ulikuwa unakuja safi kama wapigaji wako chumba cha pili."

"Izak alikuwa anasikiliza dansi? Mzee wa kanisa?"

"Nimekwambia palikuwa na muziki. Sikukwambia nani alikuwa anausikiliza."

Na hilo nalo sikulitafuna. Nikashukuru, nikageuka kuondoka. Akaniita.

"Hester bado anavaa kofia ya kijani?"

"Nyeusi, Oom."

"Ah." Akaokota kopo lake. "Huko kanisani siku hizi wanatoka saa ngapi?"

Nikamwambia. Ningemwambia lolote, jinsi nilivyofurahi. Nikarudi mbio gereji, nikakivuta kila kitufe, nikaipeleka sindano kwa mkono mpaka pale nilipoambiwa, nikasukuma. Beulah alinimulikia tochi akakagua kama askari wa mpakani. Cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne alivitazama akavikumbuka kwa mbali. Cha tano alikunja uso.

"Hiki si kilikuwa kinakwenda kulia?"

"Oom Dawie kasema kushoto."

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Pengine nimesahau."

Jumapili ikafika. Tannie Hester akaja kutoka kanisani na kofia yake nyeusi na glovu, hakupita hata ndani. Beulah alikuwa na aproni, ameacha maandazi ya koesister kwenye shira jikoni. Mimi nilikuwa na lile koti la kuazima.

Tannie hakukaa kwenye usukani. Alikaa kiti cha abiria, pale alipokaa maisha yake yote ya ndoa, na kiti cha pembeni yake akakiacha wazi. Mimi nilisimama mlangoni.

"Washa, Mervyn."

Nikawasha. Mtu wa matairi akafungua mdomo, Tannie akamteremsha sauti mpaka ukabaki mvumo tu. Akavua glovu ya kulia.

Akabonyeza cha kwanza. Sindano ikaenda ikaikata sita katikati.

"Alikuwa anamjibu mtangazaji," akasema polepole. "Namwambia, Izak, hakusikii. Ananiambia, atasikia tu."

Cha pili. Akainamisha kichwa. Cha tatu akaguna, maana raga hakuipenda. Cha nne akatabasamu peke yake, akamtaja yule msichana wa kupofuka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na ya kwangu yalikuwa njiani. Beulah akanishika mkono kwa nyuma, akaubana. Nilimpenda mno saa ile, na nilimpenda na mama yake, na hata Izak mwenyewe nikaona angenikubali.

Tannie akabonyeza cha tano.

Sindano ikarudi kushoto, ikasimama kabla ya kumi, unene wa ukucha.

Kidole chake kikabaki palepale. Akabonyeza cha nne, sindano ikaondoka. Akabonyeza tena cha tano, ikarudi. Akafanya hivyo mara nyingi, na kila mara rangi ya uso wake ilizidi kubadilika.

"Mervyn."

"Naam, Tannie."

"Nani kakuonyesha hapa?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Tannie. Mimi nimesafisha tu."

"Usinidanganye ndani ya gari la Izak."

Beulah akauachia mkono wangu.

"Kitufe hiki kinakwenda kwenye hali ya hewa," Tannie akasema. "Kule kulia, mwisho. Izak alikipeleka huko wiki tuliyooana. Alikivuta mbele ya macho yangu, na sikumuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua kwa nini. Kabla ya hapo kilikuwa kinakuja hapa. Hilo tunalijua wawili tu duniani, na mmoja ni mimi."

"Mama," Beulah akauliza, "hili gari lilikuwa la nani kabla ya baba?"

"La Dawie Hartnick."

Nilitamani kuingia ndani ya redio nijifungie.

"Tulikuwa tunalisimamisha kando ya mto," Tannie akaendelea, akiitazama sindano tu, "tunasikiliza dansi kutoka Lourenço Marques. Jioni moja akaniomba niolewe naye. Aliniomba mimi mwenyewe, hakwenda kwa wazazi wangu. Dawie alikuwa mtu wa njia za mkato. Nikamwambia, nipe mpaka Jumapili, nitakujibu. Kabla ya hiyo Jumapili, Izak akaja kwa baba na koti lake, akaniomba kama inavyotakiwa. Baba akasema ndiyo. Nami nikasema ndiyo, na nisieleweke vibaya, nilimpenda Izak. Sijajuta hata siku moja. Dawie akamwuzia gari, akasema limemshinda."

Akavaa glovu yake tena, kidole kwa kidole.

"Lakini Dawie sikumjibu. Sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana. Niliona haya, siku zikapita, haya ikawa mazoea. Mtu aliniuliza swali la maana, na mpaka leo yuko palepale anasubiri. Sasa amelituma tena, kwa mkono wako."

Nilijua napaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimevaa koti la watu, na mwenye koti alilitaka jioni ileile.

"Na jibu langu, Tannie?"

Beulah akanikanyaga.

Tannie Hester akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie garini. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama keshia anayemwona mtu amepita mbele ya foleni.

"Wewe umekuja wa pili," akasema. "Yuko aliyekutangulia. Shika usukani, unipeleke kwa Dawie."

"Utamjibu nini, mama?"

"Nitajua nikifika."

Nikazunguka nikakaa kwenye kiti cha Izak, nikiwa nimejikunyata nisikijaze. Beulah akajitupa kiti cha nyuma na aproni yake, akaninong'oneza shingoni.

"Akisema hapana, atarudi na uchungu wake, na anayefuata kujibiwa ni wewe. Umeyataka."

"Na akisema ndiyo?"

"Nikuambie ukweli? Sijui kama nitafurahi. Huyo mzee hakuwahi hata kunywa maji kwetu."

Nikatia gari gia ya nyuma, nikalitoa gereji pole pole. Nilipogeuza shingo kutazama geti, nikakanyaga breki.

Oom Dawie Hartnick alikuwa amesimama nje ya geti, amevaa suti ya rangi ya mchanga, kofia ameishika kifuani, nywele zimelala kwa adabu kuliko jana. Geti lilikuwa wazi. Hakuwa amelivuka hata kwa ncha ya kiatu.

"Zima," Tannie akasema.

Nikazima. Akashusha kioo, akatazama mbele kama mtu aliye kwenye picha ya pasipoti. Mashavu yake yalikuwa yamewaka, nami nikajua kwamba jibu analo, na kwamba hakuhitaji safari ndefu kulipata.

Oom Dawie akatusogelea mpaka mwisho wa barabara ya watu wote, akasimama. Kwa Tannie hakutazama. Alimtazama aliyekaa kiti cha nyuma.

"Binti wa Izak," akasema, "mara ya kwanza nilikosea mlango. Niliomba kwa mwenyewe, nikawaruka wazee wake. Wazee wake hawapo tena. Mkubwa wa nyumba hii baada yake ni wewe. Nimekuja kumwomba mama yako kwako, kama inavyotakiwa."

Hata redio ingekuwa inawaka, nadhani ingenyamaza.

Tannie Hester akageuka kitini. "Haya, mwanangu. Umeulizwa."

Beulah akafungua mlango, akashuka. Akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole, na hapo niliona ni mtoto wa mama yake hasa.

"Oom Dawie, nimesikia," akasema. "Nimekuheshimu kwa kuja. Lakini huyu hapa kwenye usukani naye alikuja kwa njia inayotakiwa, akaomba, akaambiwa asubiri. Siwezi kumwozesha mama yangu kabla yeye hajaniozesha mimi."

"Na mimi," Tannie akajibu, kidevu juu, "nimeshasema Dawie ndiye wa kwanza. Simjibu mwingine kabla yake."

"Basi mama, tutakaa hapa."

"Tutakaa."

Wakatazamana, kidevu kimoja kwenye nyuso mbili, na hakuna aliyepepesa. Ndani, shira ilianza kunukia kuungua, na hakuna aliyekwenda kuitazama. Nikashuka garini na koti langu la kuazima. Mimi na Oom Dawie tukabaki tumesimama, waposaji wawili, mmoja kila upande wa geti, yeye hathubutu kuvaa kofia yake, mimi sithubutu kuketi.